Klachi ni fyuzi: Somo lililomeza karo yangu na giaboksi

Jumapili hiyo jioni tulikuwa tunatoka Naivasha kutazama Safari Rally. Barabara ilikuwa imejaa wasee wanaorudi Nairobi, vumbi la Kedong bado limeganda kwenye vioo. Tulipoanza kuupanda mlima kutoka Mai Mahiu, lori lililokuwa mbele likatupisha. Nikakanyaga mafuta nikiwa gia ya nne. Mshale wa mizunguko ya injini ukaruka kutoka 3,000 hadi 4,500. Mshale wa spidi ukabaki palepale kwenye 80.

Halafu ikaja harufu.

"Buda, nani anachoma kiatu?" beshte yangu aliuliza huku akishusha kioo.

Hakuna aliyekuwa anachoma kiatu. Klachi yangu ilikuwa imeanza kuteleza, na kufikia juu ya mlima nilikuwa naendesha polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai mapajani.

Nawaandikia stori hii kwa sababu kila mara kuna msee ananiuliza: "Bro, nimetyuni Subaru, sasa klachi inateleza. Niweke gani?" Jibu fupi: usiweke ile niliyoweka mimi. Jibu refu ndilo hili.

Gari lenyewe

Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka wa 2003, ile mafundi huiita GDA. Injini ya lita mbili yenye turbo, giaboksi ya gia tano. Likitoka kiwandani Japani lilikuwa na nguvu farasi 250 na torki ya Nm 333. Nililinunua likiwa limechoka, kwa pesa nilizoweka miaka mitatu nikipiga video za harusi na mazishi. Ndiyo, mazishi. Watu wa mazishi hulipa kwa wakati.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa diploma ya uhandisi wa magari, karo ilipokwama. Wenzangu walipokuwa wanapiga picha na kofia za mahafali, mimi nilikuwa napiga picha na Subaru. Sisemi ilikuwa akili. Nasema ndivyo nilivyojiliwaza.

Jamaa wa kutyuni akaongeza presha ya turbo na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini. Mashine ya kupima ikaonyesha torki ya karibu Nm 400. Nilipiga picha hiyo skrini nikaiweka stetasi siku tatu mfululizo. Hakuna aliyeniuliza klachi ina umri gani. Mimi pia sikujiuliza.

Hesabu niliyoikumbuka nikiwa nimechelewa

Flaiwili imefungwa nyuma ya injini na huzunguka nayo. Presha pleti imefungwa juu ya flaiwili. Katikati yao kuna diski, wengi huiita klachi pleti, ambayo imekaa kwenye shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ukiachilia pedali, springi ya presha pleti inaibana diski kwenye flaiwili, na vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga, mbano unaachia na injini inazunguka peke yake.

Torki ambayo klachi inaweza kubeba inategemea mambo manne: nguvu ya kubana, msuguano wa diski, umbali kutoka katikati hadi pale diski inaposugua, na idadi ya nyuso zinazosugua. Diski moja ina nyuso mbili.

Tuchukue mfano. Nguvu ya kubana iwe nyutoni 7,500, ambazo ni kama uzito wa kilo 760. Msuguano uwe 0.3. Diski ya milimita 230, kama ya WRX hii, wastani wa umbali wake kutoka katikati ni kama mita 0.095. Zidisha zote tatu, kisha mara mbili kwa sababu ya nyuso mbili. Unapata takriban Nm 427. Injini ya Nm 333 inatoshea hapo vizuri. Lakini diski ikizeeka au ikilamba mafuta, na msuguano ukashuka hadi 0.25, hesabu hiyo hiyo inakupa Nm 356. Sasa leta injini ya Nm 400 uone.

Ndiyo maana klachi yangu haikuteleza mjini. Iliteleza mlimani, gia ya juu, mizunguko ya katikati, pale turbo inapojaa na torki iko kileleni. Klachi haijali nguvu farasi unazojigamba nazo. Inajali torki.

Hesabu hii tulifundishwa chuoni. Niliikumbuka nikiwa nimeshalipa.

Pesa za chama

Mathe anauza nafaka Githurai. Mwaka huo alikopa shilingi 65,000 kwenye chama chake ili nirudi chuoni muhula wa Septemba. Alinitumia kwa M-Pesa siku ya Jumanne, kisha akanipigia simu.

"Hizo ni za karo. Usiziguse."

Niliziguse Ijumaa.

Nilikuwa na sababu zangu. Bila gari sifiki kwenye kazi na kamera zangu. Bila kazi sina ganji. Agosti nilikuwa na harusi tatu, kwa hivyo ningerudisha kila kitu kabla chuo hakijafunguliwa. Yote hayo yalikuwa kweli, ila nilijificha kitu kimoja: klachi iliyonitosha ilikuwa ya pesa kidogo kuliko ile niliyoitamani.

Kwenye base yetu ya kuosha magari, wasee walinipa ushauri wa bure. "Hiyo ya kawaida ni ya wazee wa Probox," mmoja aliniambia. "Wewe weka ya mashindano umalize mchezo." Nikaweka ya mashindano. Boksi liliandikwa Stage 3. Ndani kulikuwa na presha pleti nzito na diski ya vidonge sita vya seramiki, isiyo na springi katikati. Bei: 58,000. Zilizobaki, fundi.

Fundi wa kwanza

Huyu simtaji, na kosa la kwanza ni langu kwa sababu nilimchagua kwa bei.

Subaru za turbo za enzi hiyo zina klachi ya kuvuta. Magari mengi, beringi husukuma vidole vya presha pleti. Kwenye hizi, beringi imenaswa kwenye vidole hivyo na uma ndio unaoivuta. Kwa hivyo huwezi kutenganisha injini na giaboksi kwa kufungua bolti na kuvuta tu. Lazima kwanza utoe kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa giaboksi kwa spana ya Allen ya milimita 10, kisha uingize bolti ndefu ya milimita 6 kwenye kipini cha uma, ukivute nje, uma uachie beringi.

Fundi wangu hakujua hilo. Alichukua mtaimbo. Nilikuwa nimesimama hapo nikirekodi video, nikasikia alumini ikilia, na bado sikusema kitu kwa sababu yeye ndiye fundi. Ukingo wa giaboksi ulimeguka kipande cha ukubwa wa ukucha.

Flaiwili haikukerezwa, ilipigwa msasa kwa mkono. Beringi ya zamani ikarudi kwa sababu "bado iko sawa". Bolti za presha pleti zikakazwa kwa nguvu ya mkono na kelele. Saa mbili usiku gari likawaka.

"Mimi ndiyo nakalia karo yako"

Asubuhi iliyofuata niligundua pedali ni nzito kama mashine ya mazoezi. Klachi yenyewe haikuwa na katikati: ama haijashika, ama imeshika yote. Ukiachilia taratibu gari linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Ukiachilia haraka linaruka au linazima.

Barabara ikiwa wazi, mazee, ilikuwa tamu. Lakini mimi naishi Nairobi. Kutoka Githurai hadi Pangani asubuhi unaweza kukanyaga klachi mara mia mbili. Baada ya wiki moja goti langu la kushoto lilikuwa linauma nikipanda ngazi.

Kisha siku moja nikampeleka mathe kliniki Ngara. Gari likazima karibu na Allsops. Likazima tena Muthaiga. Nyuma yetu matatu zikapiga honi utafikiri ni harusi.

"Hii gari ina shida gani?" mathe akauliza.

"Ni klachi, Mama. Ni mpya."

"Mpya? Ya pesa ngapi?"

Nikanyamaza. Mathe ni mtu wa biashara. Kwake ukimya ni risiti. Aliangalia nje ya dirisha kwa muda, akapangusa mkoba wake ambao haukuwa na vumbi.

"Kwa hivyo mimi ndiyo nakalia karo yako," akasema.

Hakuongeza neno hadi Ngara. Tulipofika alishuka, akafunga mlango polepole, na kurudi akarudi na matatu.

Septemba ikapita. Harusi mbili kati ya zile tatu ziliahirishwa.

Jino mezani

Oktoba nilienda kwenye mashindano ya kupima muda, barabara imefungwa, watu wa usalama wapo. Nilikuwa na hamu ya kuona klachi ikifanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Zamu yangu ilipofika nikapandisha mizunguko hadi 5,000 na kuachilia pedali. Klachi haikuteleza hata kidogo. Matairi manne ya Subaru nayo hayatelezi kirahisi kwenye lami kavu. Nikaingiza gia ya pili, ukasikika mlio mmoja mzito, kama nyundo imeangukia sufuria. Baada ya hapo gari lilibaki na kelele tu.

Fundi wa pili yuko Industrial Area. Ni mzee wa maneno machache ambaye hapokei gari bila kwanza kuliendesha mwenyewe. Aliifungua giaboksi, akatoa sumaku kwenye oili, na kuniwekea jino la gia ya pili mezani, kando ya chai yake.

"Kijana, kwenu stima ikileta shida, ni nini huungua kwanza?"

"Fyuzi, mzee."

"Wewe ulitoa fyuzi ukaweka msumari."

Akanieleza taratibu. Klachi ya kawaida inapopigwa mshtuko mkubwa huteleza kidogo, na huko kuteleza kunameza ule mshtuko. Springi za katikati ya diski zinameza mwingine. Mimi nilikuwa nimeondoa vyote viwili, nikaacha giaboksi ya gia tano, ambayo tangu zamani watu wa Subaru wanajua si ngumu, ibebe kila kitu. Nguvu ya injini haipotei. Usipomruhusu huyu ateleze, atavunjika yule.

Giaboksi nyingine, kuukuu kutoka Japani, ilinigharimu 70,000. Niliuza lenzi yangu moja ya kamera.

Jinsi ya kuchagua

Mzee alinifanya nijibu maswali kabla hajakubali kufunga kitu chochote. Nawapa kama alivyonipa.

Torki yako ni ngapi? Si ya ndoto, si ya mwaka ujao. Ya leo, iliyopimwa. Chukua hiyo, ongeza asilimia 20 hadi 30, hapo ndipo klachi yako ilipo. Mimi nina Nm 400, kwa hivyo nahitaji inayobeba kati ya 480 na 520. Ile ya vidonge ilikuwa inabeba mbali zaidi ya hapo, na nilikuwa nalipia ziada hiyo kwa goti na kwa giaboksi.

Gari linaishi wapi? Kama linabebwa kwa trela hadi kwenye mashindano, seramiki ni sawa. Inavumilia joto kali na inashika kama koleo. Lakini katika foleni inakamata ghafla na inaila flaiwili. Diski ya oganiki, ile ya kawaida yenye nyuzi na gundi ngumu, inashika kwa ulaini na inavumilia kusimama na kuondoka, ila ukiichoma kwa kuitelezesha sana haisamehi. Kevlar hudumu sana, lakini inataka kuzoezwa kwa subira na ikipata joto kupita kiasi inang'aa na kupoteza mshiko. Kwa gari la mjini lililotyuniwa kiasi, oganiki nzito pamoja na presha pleti yenye mbano zaidi inawatosha wengi wetu.

Diski ina springi? Kwa gari la barabarani, hakikisha inazo.

Stage ngapi? Usinunue kwa hiyo namba. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanafuata. Stage 2 ya kampuni moja inaweza kuwa Stage 1 ya nyingine. Exedy, kwa mfano, Stage 1 yao ni oganiki na Stage 2 ni ya vidonge. Soma torki inayobeba na aina ya diski.

Na flaiwili nyepesi? Niliitaka. Mzee alikataa. Injini hupanda mizunguko haraka, ni kweli, lakini uzito wa flaiwili ndio unaokusaidia kuondoka bila kuzima. Katika msongamano utaulilia.

Mwisho, usisahau haidroliki. Presha pleti nzito inazipa kazi zaidi silinda ya klachi ya juu na ya chini. Zikiwa zimechoka, zitaanza kuvuja wiki hiyo hiyo, na utafikiri klachi mpya ni mbovu.

Mimi nilichagua diski nzima ya oganiki yenye springi, na presha pleti yenye mbano zaidi kidogo ya ile ya kiwanda. Bei: 38,000. Ishirini elfu chini ya ile ya kwanza.

Jinsi ya kufunga

Safari hii nilisimama hapo bila kurekodi, nikishika tochi.

Mzee alianza kwa kutoa kile kipini cha uma. Dakika kumi, bila mtaimbo. Injini na giaboksi zikaachana zenyewe.

Kisha akaangalia sili ya nyuma ya injini na ile ya shafti ya giaboksi. Zote akabadilisha. Sili ni pesa kidogo, lakini tone la oili likifika kwenye diski umerudi mwanzo. Beringi ya klachi mpya, beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili mpya. Ukishafungua mpaka hapo, kubakisha beringi ya zamani ni kujitafutia kazi hiyo hiyo mara ya pili.

Flaiwili ilipelekwa kukerezwa. Ilirudi na uso laini, bila zile alama za samawati zinazoachwa na joto. Ikaoshwa kwa dawa ya kuosha breki, na kuanzia hapo hakuna mkono wenye grisi ulioigusa.

Diski ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi. Huwa imeandikwa. Ikigeuzwa haitafanya kazi. Kwenye meno ya shafti mzee alipaka grisi nyembamba sana, kiasi cha kuona tu. Ikizidi, inarushwa na mzunguko hadi kwenye diski.

Diski ikashikiliwa katikati kwa kile kijiti cha plastiki kinachokuja na kiti. Bila hicho, utasukuma giaboksi mchana kutwa na haitaingia. Bolti za presha pleti zikakazwa kidogo kidogo kwa kuvuka, hii na ile iliyo mkabala wake, na mwisho kwa spana ya torki kulingana na kitabu cha gari. Ukikaza upande mmoja kwanza, presha pleti inapinda na klachi itatetemeka hata ikiwa mpya. Nusu ya mtetemo wangu wa zamani, mzee alisema, huenda ulitoka hapo na kwenye flaiwili iliyopigwa msasa.

Halafu hewa ikatolewa kwenye mafuta ya klachi, pedali ikarekebishwa, oili mpya ya giaboksi ikawekwa.

"Sasa usiniletee ujinga," akasema. "Kilomita mia nane, uiendeshe kama ya padri."

Kuzoeza klachi ni kuifanya diski na flaiwili zijuane. Inataka kushika na kuachia mara nyingi, kwa upole, bila joto kali. Kukimbia Nakuru na kurudi ukiwa gia ya tano hakusaidii, kwa sababu klachi haikanyagwi. Kwa mara ya kwanza maishani, msongamano wa Thika Road ulikuwa na faida kwangu. Sikutumia turbo yote hadi hizo kilomita zilipoisha. Kisha nikaenda Mai Mahiu, mlima ule ule, gia ya nne, nikakanyaga. Mishale yote miwili ikapanda pamoja.

Mathe

Nimeanza kulipa. Kila kazi ya video, kitu kidogo kinaenda kwenye simu yake kabla sijanunua hata chai. Kufikia wiki iliyopita nimerudisha 47,000. Zimebaki 18,000, na fomu ya muhula wa Januari iko kwenye droo, imejazwa kila kitu isipokuwa sahihi.

Jumamosi mathe alikuja nyumbani akanikuta naosha gari. Alijifunza kuendesha na pikapu ya Datsun ya babangu, na miaka mingi hajagusa usukani. Akanyoosha mkono.

"Lete funguo."

Kutoka getini kwetu kuna kilima kifupi kibaya. Nilikaa kando nikiwa nimeshika breki ya mkono, tayari kwa lolote. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachilia polepole. Gari likaondoka bila kutetemeka hata kidogo. Tukafika juu, akasimama, akazima injini.

"Hii sasa ni klachi," akasema. "Ilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia.

Akatoa simu yake, akafungua kikokotoo, akapiga hesabu ambayo sikumwomba. Kisha akanionyesha skrini. Ilikuwa tofauti ya bei ya zile klachi mbili, jumlisha giaboksi, jumlisha fundi wa kwanza.

"Hii ni muhula mzima na nusu," akasema, akanirudishia funguo. "Januari iko karibu. Na mimi bado nakudai kumi na nane."